HiAce ya dizeli ya zamani haitaki kuwaka asubuhi, ikiwaka inatetemeka: mwongozo kamili wa kutafuta ugonjwa

Mwezi wa sita na wa saba Tabora huwa na baridi ya alfajiri. Ukipita Ng'ambo au Isevya saa kumi na moja utasikia stata zikilia uani kwa watu, moja inanyamaza, nyingine inaanza. Ni HiAce zinazotakiwa kuwahi abiria wa Urambo na Sikonge, na hazitaki kushika. Nililia nazo miezi minne. Gari langu lina injini ya 3L, dizeli ya cc 2,779, ile ya pampu ya kizamani isiyo na kompyuta. Asubuhi nilipiga stata mara sita au saba, likishika linatoa moshi mweupe na kutetemeka mpaka vioo vinagongana. Likishapata moto, linatulia.

Fundi wa kwanza alifungua pampu ya dizeli siku ileile, bila kupima kitu. Nikalipia pampu, nikalipia nozo nne zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini, na asubuhi ya pili hali ikawa ileile. Ugonjwa ulikuja kuonekana baadaye: kipande cha mpira wa mafuta kisichozidi urefu wa kiganja, kimepasuka chini ya klipu karibu na filta. Kwa hiyo ninachoandika hapa kina mpangilio wake. Vitu visivyo na gharama vinatangulia, pampu inakuja mwisho kabisa. Mengi ya haya yanahusu 2L, 3L na 5L za Toyota, na kwa ujumla dizeli yoyote ya zamani yenye pampu ya aina hiyo. Wenye injini ya petroli nimewawekea sehemu yao karibu na mwisho.

Kabla ya kushika spana

Chukua daftari uandike mambo manne kwa siku tatu mfululizo. Usitegemee kukumbuka.

La kwanza, linasumbua likiwa la baridi, la moto, au wakati wote? La pili, stata inazunguka kwa kasi au inavuta kwa unyonge? La tatu, wakati unapiga stata, moshi unatoka kwenye ekzosi? Muweke kijana nyuma ya gari akuangalizie. La nne, usiku gari lililala vipi, pua ikitazama mteremkoni au mlimani?

Moshi peke yake unakuambia nusu ya habari. Stata inazunguka vizuri na ekzosi haitoi moshi hata kidogo, maana yake dizeli haifiki kwenye silinda. Moshi mweupe unaochoma macho ni dizeli iliyofika ikakosa joto la kuiwasha, basi shida ni hita plagi (vipashio vya umeme vya kuwashia injini ya baridi), kompresheni (mbano wa hewa kwenye silinda), taimingi (mpangilio wa wakati wa mafuta na valvu) au stata dhaifu. Moshi mweusi ni mafuta mengi kwa hewa kidogo. Wa bluu ni oili. Ukiona mweupe kama mvuke hata injini ikiwa ya moto, na maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanapovujia, simama hapo. Silinda hedi za 2L na 3L zinajulikana kwa kupasuka zikichemka, na gari la namna hiyo linahitaji fundi wa hedi. Hatua zinazofuata hazitalisaidia.

Swali la maegesho wengi hulipuuza, nami nalipenda kuliko yote. Gari likilala pua chini, yaani tenki likiwa juu kuliko injini, kisha asubuhi likashika mara moja, na likilala pua juu linasumbua, basi kuna mahali panaingiza upepo kwenye njia ya mafuta. Mtihani huu haukugharimu hata shilingi.

Umeme: betri, nyaya na stata

Dizeli haina plagi ya moto. Hewa inabanwa mpaka inapata joto la kuwasha mafuta, na ili ibanwe vizuri injini lazima izunguke kwa kasi. Stata ikizunguka kizembe, hata injini mpya haishiki.

Pima betri asubuhi kabla ya kugusa swichi. Betri iliyoshiba husoma kama volti 12.6. Ikisoma chini ya 12.2 haijashiba, ichajiwe kwanza ndipo uendelee. Mwombe mtu apige stata huku ukitazama mita: ikishuka chini ya 9.6, betri imechoka au stata inakula umeme kupita kiasi. Gari likishawaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.4. Chini ya hapo, alteneta haichaji.

Fungua terminali, zisugue, ule unga mweupe uoshe kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi. Kisha ufuate waya wa ethi (wa negativu) kutoka betri hadi bodi, na ule wa bodi hadi injini. Kwenye HiAce waya wa injini umejificha chini, unapigwa na matope, na unaozea ndani ya kichwa chake huku kwa nje unaonekana mzima. Uvute kwa mkono. Ukikatikia mkononi, ndiyo huo.

Ikiwa unageuza swichi na kusikia "tak" moja bila stata kuzunguka, halafu mara ya nne inazunguka vizuri, usikimbilie kununua stata. Ndani ya stata za Toyota kuna vipande viwili vya shaba vinavyolika. Fundi umeme anavibadilisha, na gharama yake haifiki hata robo ya bei ya stata.

Hita plagi

Hapa ndipo asubuhi za baridi zinapoamuliwa. Injini ya 3L inalipulia mafuta kwenye chumba kidogo kando ya silinda, na bila hita plagi chumba hicho kikiwa cha baridi kinameza joto lote. Mwezi wa kumi, jua la Tabora likiwa kali, gari lenye hita mbili zilizokufa linawaka bila shida, na mwenyewe hajui. Mwezi wa saba ndiyo anajua.

Injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo nyanyua kiti. Utaona bati jembamba linalounganisha hita zote nne kwa nati ndogo. Geuza swichi hadi taa ya hita iwake kwenye dashibodi, na mtu apime volti kwenye lile bati. Pasipo na umeme kabisa, tafuta fyuzi kubwa na rilei (swichi ya umeme) ya hita. Umeme ukifika, zima, toa bati, upime kila hita peke yake. Testa ya taa inatosha: bana mkia wake kwenye pozitivu ya betri, ncha igusishe kichwa cha hita. Taa ikiwaka, waya wa ndani ni mzima. Isipowaka, hita imekufa. Kwa mita, hita nzima husoma omu moja au chini yake.

Kuifungua tumia bokisi spana ndefu namba 12, injini ikiwa na uvuguvugu, na uende polepole. Ikikatika ndani ya hedi umejiongezea kazi ya siku nzima. Itazame ncha yake. Ikiwa imevimba au imeyeyuka, nozo ya silinda hiyo inakojoa mafuta badala ya kuyanyunyiza.

Unaponunua, soma volti iliyoandikwa kwenye hita ya zamani na ununue ileile. Hizi injini zimetoka na hita za volti mbalimbali, nyingine 6 tu, kutegemea mfumo wa rilei zake. Naogopa sana ile desturi ya kufunga swichi ya kubonyeza inayopeleka umeme wa betri moja kwa moja. Hita ya volti 6 ikishikiliwa sekunde ishirini kwenye umeme wa 12 inaungua, na ncha inaweza kuvunjika ikaangukia ndani. Tengeneza rilei.

Na usipulizie spirei ya kuwashia wala kumwagia petroli kwenye njia ya hewa. Hita ikiwa ya moto, unaalika mlipuko, na pigo lake linavunja ringi za pistoni. Kusukuma gari nako kuna hatari yake: mkanda wa taimingi uliochoka unaweza kuruka jino pale unapoachia klachi.

Upepo kwenye njia ya mafuta

Hapa kaa muda mrefu kuliko kwingine kote.

Kwenye magari haya hakuna pampu ya umeme ndani ya tenki. Pampu ya dizeli iliyo kwenye injini ndiyo inayonyonya mafuta kutoka tenkini, kupitia bomba la chuma, mipira na filta. Njia hiyo yote inavuta. Kwa hiyo tundu likitokea, mara nyingi halivujishi mafuta nje, linaingiza upepo ndani. Utatazama chini ya gari, utakuta pakavu, utasema njia ni nzima. Usiku, kupitia tundu hilohilo, dizeli inarudi tenkini taratibu, na asubuhi stata inazungusha injini isiyo na mafuta mpaka pampu ivute upya.

Mzee mmoja fundi pale Ng'ambo ndiye aliyenifundisha. Nilimwamkia, nikamweleza habari ya pampu na nozo. Hakugusa injini. Akauliza, "Mwanangu, ukipiga ile pampu ya mkono asubuhi inakuwaje?" Sikuwa na jibu. Kesho yake alfajiri nikaipiga: ilikuwa laini kama puto lisilo na hewa. Nikaipiga mara thelathini hivi, ikaanza kukaza, nikaigusa stata, gari likashika papo hapo. Nikakaa kitini nikiwa na furaha na uchungu wa pesa zangu.

Fanya hivyohivyo. Ile pampu ndogo iliyo juu ya filta ipigwe asubuhi kabla ya stata. Ikiwa ngumu tangu mwanzo, njia imeshika mafuta usiku kucha, nenda hatua nyingine. Ikiwa laini na ikakaza baada ya kupiga, kisha gari likashika, ugonjwa umeupata, imebaki kuutafuta ulipo.

Nunua nusu mita ya mpira mweupe unaoonesha ndani, kama ule mafundi ujenzi wanaopimia levo, wenye unene unaolingana na mpira wa mafuta. Uweke kati ya filta na pampu, kaza klipu, washa. Mapovu ya mwanzo ni ya kufungua, yaache yapite. Baada ya dakika tano, mafuta yapite safi kama chai ya rangi. Mapovu yakiendelea, hamisha mpira uuweke kabla ya filta. Yakipotea hapo, upepo unaingia kwenye filta yenyewe: oringi ya filta, nati ya kutolea maji, au ile pampu ya mkono ambayo mpira wake wa ndani hukauka. Yakibaki, rudi nyuma kuelekea tenkini. Kagua kila mpira kwenye ncha zake, hasa chini ya klipu. Toa klipu, pinda mpira kwa vidole. Wangu ulionekana mzima mpaka nilipoupinda, ndipo mpasuko ukafunguka kama mdomo wa samaki. Bomba la chuma likague pale linapopita kwenye vibano vya bodi, maana matope hukaa hapo na kutu inakula kwa ndani. Usiwache mpira wa levo garini, dizeli inaugeuza kuwa mgumu kama kijiti. Ni wa kupimia tu.

Ukitaka uhakika kabisa, tumia dumu. Weka lita tano za dizeli safi kwenye dumu, lining'inize juu kuliko injini mbali na ekzosi, peleka mpira wake moja kwa moja kwenye mlango wa pampu, na mpira wa marejeo urudishe kwenye dumu hilohilo. Toa upepo, washa. Acha usiku, washa tena asubuhi. Likishika vizuri, pampu yako haina kosa, na yeyote anayetaka kuifungua mwambie asubiri.

Namna ya kutoa upepo: piga pampu ya mkono mpaka ikaze. Legeza nusu mzunguko nati za mabomba ya nozo kwa spana 17, mtu apige stata kwa vipindi vya sekunde kumi na kupumzika nusu dakika. Dizeli ikianza kuruka bila povu, kaza. Usiweke kidole wala kiganja mbele ya tundu lolote la mafuta injini ikizunguka. Shinikizo la nozo linazidi bar 100, linapenya ngozi, na dizeli iliyoingia mwilini inapeleka mtu chumba cha upasuaji.

Kuna solenoidi ya kukata mafuta pia, kwenye pampu yenyewe. Geuza swichi bila kupiga stata, usikie "tik". Kukiwa kimya, pima umeme kwenye waya wake. Umeme upo na mlio haupo, solenoidi imekufa.

Maji, uchafu na mfuniko wa tenki

Dizeli ya madumu vijijini, masika yakiwa yameshika, mara nyingi ina maji. Legeza nati iliyo chini ya filta, kinga chupa inayoonesha ndani, piga pampu ya mkono. Maji hukaa chini, dizeli juu, utaona mstari. Taa ya filta ikiwaka dashibodini, usisubiri wikendi. Mimi nabadilisha filta kila kilomita 10,000 na sijutii hiyo gharama.

Gari likiwaka vizuri, likatembea hadi karibu na Ndono, likaanza kukosa nguvu na kuzimika, kisha ukikaa robo saa linawaka tena, fungua mfuniko wa tenki usikilize. Ukisikia "fyuuu" la kuvuta hewa, tundu la kupumulia la mfuniko limezibwa na vumbi. Lisafishe. Kama si hilo, kichujio cha ndani ya tenki kimeziba.

Filta ya hewa ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, wala isioshwe kwa petroli. Njia zetu za kuingia vijiji vya tumbaku zinaijaza kwa wiki moja.

Likiwaka, linatetemeka: tafuta silinda mgonjwa

Sikiliza kwanza. Mlio ukiwa sawasawa lakini bodi inatikisika, tazama mauntini zinazoishikilia injini kwenye bodi, labda mpira umekatika. Mlio ukichechemea, yaani gari linamisi, kuna silinda isiyofanya kazi yake.

Injini ikiwa kwenye sailensi, yaani ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, legeza nati ya bomba la nozo ya silinda namba moja, iliyo mbele upande wa mkanda. Funika kwa kitambaa. Mlio ukibadilika na gari likazidi kutetemeka, silinda hiyo nzima. Kaza, nenda ya pili, ya tatu, ya nne. Ile ambayo ukiilegeza hakuna kinachobadilika, ndiyo mgonjwa. Ikiwa inachechemea asubuhi tu kisha inatulia, ifanye kazi hii asubuhi, na rudi kwenye hita ya silinda hiyo.

Hita ikiwa nzima, hamisha nozo. Ya silinda mgonjwa ipeleke kwenye silinda nzima, ya nzima ilete kwa mgonjwa, kwa bokisi ndefu namba 27 na washa (kipete bapa cha kuzibia) mpya chini yake. Ugonjwa ukihama, ni nozo, ipelekwe kwenye mashine ya kupimia, na usimame pale uone inavyonyunyiza. Nozo nzuri hutoa mafuta kama ukungu, mbovu huyatoa kama mkojo. Ugonjwa ukibaki palepale, ni silinda: pima kompresheni. Kwa 3L, nzima husoma karibu kilo 32 kwa sentimita ya mraba, mwisho wa kuvumilia ni 20, na silinda zisipishane zaidi ya 5. Kabla ya kuitangaza injini imekufa, pima nafasi za tapeti (kwenye valvu) zikiwa za baridi: ya kuingiza hewa milimita 0.20 hadi 0.30, ya ekzosi 0.40 hadi 0.50. Valvu iliyobanwa haifungi, na kompresheni inapotea wakati ringi ni nzima kabisa.

Mambo mawili mengine yanayotetemesha gari la baridi. Kuna kifaa cha nta kwenye pampu, kinapitisha maji ya injini, na kazi yake ni kupandisha sailensi asubuhi. Mipira yake ikizibwa au ikipitishwa kando, sailensi inakuwa chini mno. Na themostati, kifaa kinachozuia maji ya injini kuzunguka mpaka ipate moto: mafundi wengi huitoa wakidhani gari litachemka kidogo. Injini inakaa ya baridi muda mrefu, moshi unaongezeka, mafuta yanaliwa. Irudishe.

Taimingi na pampu

Kama umenunua gari mkononi na hujui mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, ubadilishe. Taa ya T-BELT kwenye magari haya huwaka kila kilomita 100,000, lakini geji zinarudishwa nyuma, taa inazimwa. Mkanda ukikatika, valvu zinagonga pistoni. Ukikosewa jino moja wakati wa kufunga, gari linawaka kwa shida na moshi mweupe, na hapo fundi asiyepima atakuambia ni pampu.

Pampu yenyewe ikilika, dalili yake ni kinyume cha yangu: asubuhi gari linawaka, likishapata moto na ukalizima stendi, halishiki tena mpaka lipoe. Dizeli ya moto ni nyepesi, inapenya ndani kwenye vyuma vilivyolika. Injini ikiwa imezimwa, funga kitambaa kilicholoweshwa maji kwenye kichwa cha pampu kwa dakika kumi, kisha piga stata. Likishika, sasa pampu ipelekwe. Omba urudishiwe vipande vya zamani.

Kwa wenye petroli

HiAce za kabureta zina safari fupi zaidi. Toa plagi zote uzipange kwa namba. Rangi ya kahawia ni nzima, nyeusi kavu ni mafuta mengi, yenye ute ni oili, nyeupe sana ni mafuta machache au hewa inayoingia pembeni. Nafasi ya moto kwenye ncha ya plagi iwe milimita 0.8. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, washa injini utazame nyaya za plagi: cheche ndogo za bluu zinazoruka kwenye hedi ni umeme unaovuja. Nyaya zikifungwa upya, mpangilio wa silinda kupata moto ni 1-3-4-2. Kisha safisha kikombe cha kabureta, na hakikisha choki inafunga ikiwa baridi na kufunguka ikiwa moto.

Kujaribu ulichotengeneza

Usimalize kazi saa nane mchana injini ikiwa ya moto ukasema limepona. Liegeshe jioni pua ikitazama mlimani, tenki likiwa chini, na uliache usiku kucha. Alfajiri piga pampu ya mkono mara moja tu, kwa kidole, uone imekaza. Subiri taa ya hita izime, kisha geuza swichi. Langu siku hiyo lilishika kabla stata haijamaliza mzunguko wa pili, na saa kumi na mbili kasoro nilikuwa stendi nikipakia mizigo ya Urambo.